Bwana Grubendol na rundo la barua

Katika miaka ya mwisho ya 1660, barua nyingi ziliingia London kutoka Ufaransa, Ujerumani na Italia zikiwa zimeandikwa jina la mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa: Bwana Grubendol. Zichanganye upya herufi za jina hilo na utapata Oldenburg. Huyu sasa alikuwepo kweli, tena pengine ndiye mtu aliyepokea barua nyingi kuliko wote katika sayansi ya Ulaya wakati wake.

Henry Oldenburg alikuwa Mjerumani wa Bremen. Mwaka 1662, Royal Society, chama cha wanasayansi kilichoanzishwa London miaka miwili kabla, kilipata hati ya mfalme, na hati hiyo ilimtaja Oldenburg kuwa mmoja wa makatibu wawili. Mwenzake, John Wilkins, alikuwa na jina kubwa na shughuli nyingi. Kazi yenyewe, yaani kuandika na kuandikiwa, ikamwangukia Oldenburg.

Hebu fikiria mzigo wake. Hevelius yuko Danzig na darubini zake, anataka kujua nani mwingine ameiona nyota fulani. Malpighi yuko Bologna anapasua wadudu na kuandika kwa Kilatini. Huygens yuko Paris na saa zake. Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa Delft, anaandika Kiholanzi tu, hana lugha nyingine, kwa hiyo lazima atafsiriwe. Spinoza naye ana maswali ya falsafa. Kila mmoja anasubiri jibu, na kila mmoja anataka kujua wengine wamesema nini. Zaidi ya yote, wakati ule stempu hazijabuniwa na kwa kawaida mpokeaji ndiye aliyelipia barua. Ukiandikiwa sana, unafilisika. Na huyu katibu kwa miaka ya mwanzo hakuwa na mshahara. Royal Society ilianza kumlipa pauni 40 kwa mwaka mnamo 1669.

Sisi wa vyuo tunalijua tatizo hili kwa sura nyingine. Unaamka, kundi la WhatsApp la darasa lina meseji 300, na swali lako la jana limezama humo humo. Ila meseji haidai nauli.

Aliwezaje? Bahati nzuri kuna mtu aliyemuuliza. Daktari Martin Lister, mmoja wa waandishi wenzake wa barua, alisimulia baadaye kwamba Oldenburg alikuwa akiandikiana na watu sabini na ushei, na kwamba alimuuliza anamudu vipi. Jibu lilikuwa na sehemu mbili. Kwanza, hakufungua barua kabla hajaweka kalamu, wino na karatasi mezani. Akisoma tu, anajibu papo hapo. Barua haikupata nafasi ya kulala na kumtazama kwa lawama.

Sehemu ya pili kwangu ndiyo tamu zaidi: alifanya barua moja ijibu nyingine. Mtu wa Paris akiuliza kuhusu kimondo, Oldenburg hakujitia mtaalamu wa vimondo. Alichukua yaliyoandikwa na mtu wa Danzig, akayapeleka Paris, halafu pingamizi la Paris likapanda meli kurudi Danzig. Yeye hakuwa na ugunduzi wowote wa maana. Alikuwa kama dalali mzuri wa mnadani: mali si yake, lakini bila yeye muuzaji na mnunuzi hawaonani.

Hata hivyo, kunakili jambo moja kwa watu sabini kwa mkono ni mateso. Machi 1665 akachapisha kwa gharama yake mwenyewe kijarida cha kurasa 16 kilichoitwa Philosophical Transactions. Ukikipitia utaona kabisa kimetoka kwenye rundo la barua mezani kwake: doa kwenye sayari ya Jupita, lenzi mpya kutoka Roma, ndama aliyezaliwa na maumbile ya ajabu, uvuvi wa nyangumi karibu na Bermuda. Hakuna mpangilio. Paris walikuwa wamemtangulia kwa miezi miwili na Journal des Sçavans, lakini lile lilishughulika zaidi na habari za vitabu. Hili la London lilikuwa barua zilizopigwa chapa. Tunapozungumza leo kuhusu makala za kisayansi kana kwamba zilishuka zikiwa na muhtasari na vichwa vidogo, tunasahau kwamba aina hiyo ya uandishi ilianza na katibu aliyechoka kunakili. Alitumaini pia kijarida kingempa riziki. Faida ikawa kiduchu.

Shida ya kukaa katikati ya njia ya habari ni kwamba kila mtu anakushuku. Juni 1667 Uingereza ilikuwa vitani na Waholanzi, na meli za Kiholanzi zilikuwa zimetoka kuingia mto Medway na kuchoma manowari za mfalme. Oldenburg, mgeni mwenye barua nyingi za nje, alikuwa ameandika maneno ya kukosoa namna vita ilivyoendeshwa. Akafungwa katika Mnara wa London kwa zaidi ya miezi miwili. Na hapa ndipo jina la Grubendol linapoeleweka. Barua zilizoandikwa jina hilo zilipitia ofisi ya waziri wa serikali. Ofisi ililipa gharama za posta, ikapata habari za siasa, na Oldenburg akapata sayansi yake. Kwa hiyo barua za wanasayansi wa Ulaya zilipitia serikalini, na serikali ndiyo iliyolipa bili. Mimi naona Oldenburg hakuwa na njia nyingine ya kumudu, lakini si ajabu kwamba Robert Hooke, walipogombana miaka ya 1670 juu ya nani alibuni saa ya springi, alimtuhumu hadharani kwa biashara ya siri za watu.

Halafu kuna Newton. Februari 1672 kijana huyu wa Cambridge, miaka 29, alimtumia Oldenburg barua kuhusu prizimu: mwanga mweupe ni mchanganyiko wa rangi. Oldenburg aliichapisha mwezi uleule. Uharaka wake ukafanya kazi yake vizuri kupita kiasi. Hooke akapinga ndani ya siku chache, Pardies akaandika kutoka Paris, Huygens akafuata, baadaye Wajesuiti wa Liège wakadai jaribio haliwatokei. Kila pingamizi Oldenburg alilipeleka Cambridge na kuomba jibu. Machi 1673 Newton alitaka kujitoa Royal Society kabisa. Oldenburg akambembeleza, akampa hata nafuu ya kutolipa ada. Newton akabaki, lakini mwishoni mwa 1676 alilalamika kwamba amejifanya mtumwa wa falsafa. Kitabu chake cha mwanga, Opticks, kilitoka 1704, mwaka mmoja baada ya Hooke kufa.

Oldenburg alipaswa kupunguza kasi? Inategemea unamuuliza nani. Oktoba 1676 Leeuwenhoek alimwandikia kuhusu vijidudu alivyoviona majini kwa hadubini. Oldenburg aliitafsiri barua hiyo ndefu na kuchapisha sehemu yake Machi 1677. Mtu asiye na chuo wala Kilatini akasikika Ulaya nzima kwa sababu kulikuwa na katibu asiyeacha barua ilale.

Septemba mwaka huohuo Oldenburg alikufa. Jarida likayumba, likasimama 1679, likarudi 1683. Rundo lake lilibaki. Wanahistoria wawili, mtu na mkewe, A. Rupert Hall na Marie Boas Hall, walianza kulichapisha mwaka 1965: zaidi ya barua 3,000, juzuu 13. Juzuu ya mwisho ilitoka 1986. Iliwachukua miaka 21. Mwenyewe alikuwa katibu kwa miaka 15.