Pwani Ni Mahali pa Kupwa



Mwanafunzi mmoja wa Koboko aliwahi kuniuliza darasani: "Mwalimu, sisi hatuna bahari. Maneno kama bamvua na maji mafu tunayasoma ya nini?" Swali lake lilikuwa la haki. Huku kwetu West Nile, Kiswahili kilifika pamoja na askari na wafanyabiashara, na wapo wazee ambao hadi leo wanakiita lugha ya jeshi. Makala haya ni jibu langu kwake, na kwako pia. Kabla lugha hii haijavaa buti, ilikuwa ikitembea miguu mitupu katika maji yanayofika magotini.

Tuanze na neno "pwani". Ndani yake mna kitenzi "kupwa", yaani maji ya bahari kurudi nyuma na kuacha ardhi wazi. Kinyume chake ni "kujaa". Pwani, basi, ni mahali pa kupwa. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Hilo ndilo bamvua. Katikati ya vipindi hivyo tofauti hupungua, na wavuvi husema ni siku za maji mafu. Anayeijua kalenda hiyo anajua siku ya kwenda kwa miguu na siku ya kwenda kwa mtumbwi.

Sehemu nyingi za pwani yetu ya Afrika Mashariki zina uwanda wa maji ya kina kifupi kati ya ufuo na mwamba wa matumbawe, na uwanda huo umeota nyasi za bahari. Usizichanganye na mwani. Mwani hauna mizizi ya kweli wala maua. Nyasi za bahari zina mizizi, maua na mbegu, kama nyasi za malisho yetu. Humo hula tasi, ambaye Wakenya humwita tafi, na pono, yule samaki aliyetupa msemo wa "usingizi wa pono". Humo changu wadogo hujificha mpaka wakue. Kasa na nguva nao hulisha humo.

Faida kubwa ya uwanda huu ni kwamba hautegemei msimu mmoja. Upepo wa kusi unapovuma kwa nguvu katikati ya mwaka, vyombo vidogo haviwezi kuvuka mwamba kwenda bahari kuu. Ndani ya mwamba, hata hivyo, mawimbi yamekwisha kuvunjika, na kazi huendelea. Kaskazi inaporudi mwishoni mwa mwaka, wengine hutoka mbali, lakini nyasi hubaki ghala la kila siku.

Uvuvi huu ni wa kale. Katika karne ya 1 B.K., mwandishi mmoja wa Kigiriki aliandika mwongozo wa mabaharia uitwao Periplus. Anaeleza kisiwa alichokiita Menouthias, ambacho wanahistoria wengine hudhani ni Unguja na wengine Pemba. Anasema watu wake walikuwa na mitumbwi na vyombo vya kushonwa kwa kamba, na walivua kwa mitego iliyosukwa, wakiitega kwenye mapito ya maji. Ushahidi mwingine uko Shanga, katika visiwa vya Lamu, palipofukuliwa na Mark Horton katika miaka ya 1980. Mifupa iliyopatikana inaonyesha kuwa wakazi wa kwanza walikula zaidi samaki wa maji ya karibu. Samaki wa maji ya mbali waliongezeka baadaye. Kwa maneno mengine, kabla ya majumba ya mawe na biashara ya ng'ambo, palikuwa na watu waliojua kusoma maji yanayokupwa.

Mtego wa kusuka bado upo, nao huitwa dema. Hutiwa chambo, huwekewa mawe ili utulie chini, kisha huachwa. Samaki huingia kwa mlango unaozidi kuwa mwembamba, asijue njia ya kurudi. Wengine hujenga uzio wa fito, maji yakipwa samaki hubaki ndani. Wanawake huchokoa pweza mwambani, au hushika kitambaa pande mbili na kukikokota majini wakivua dagaa. Kazi hiyo huitwa kutanda.

Sasa tufike kwenye uraia. Ghuba ya Chwaka, mashariki mwa Unguja, ina spishi 11 za nyasi za bahari. Katika miaka ya 1990 palizuka ugomvi mkali kati ya wavuvi wa madema wa Marumbi na wavuvi wa nyavu za kukokota wa Chwaka. Wa Marumbi walilalamika kwamba nyavu zinazoa mitego yao na kung'oa nyasi. Wa Chwaka nao walikuwa na watoto wa kulisha. Kenya ilipiga marufuku juya mwaka 2001, lakini sheria peke yake haimpi mvuvi maskini chombo kingine cha kazi. Bahari ni ya wote. Je, nani ana haki ya kuivua kwa namna inayomnyima mwenzake?

Swali hilo halihitaji chumvi. Mayai na vifaranga vya samaki wetu wa Panyimur na Rhino Camp navyo hutegemea maji ya kina kifupi yenye matete na mafunjo. Angara mkavu unayemnunua sokoni Arua alianza maisha yake mahali fulani ambapo mtu aliamua kuvua au kuacha. Kanuni za Uganda za mwaka 2003 ziliunda kamati za wavuvi kwenye fuo, ili wanaoyategemea maji washiriki kuyalinda. Wazee walisema mvunja nchi ni mwananchi. Na anayeijenga ni huyo huyo.

Yule mwanafunzi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema babake ana nyavu mbili, na kwamba ya matundu madogo huitumia usiku. Sikumkemea. Nilimwomba aende akamsomee makala haya, kwa Kiswahili.