Maambukizi, Mabadiliko na Saratani: Funzo la Istilahi Tatu

Istilahi mbovu ya uganga haimpotoshi msomaji tu, bali humtia mgonjwa hofu. Mfano ni maneno “dalili za awali za saratani”, ambayo hutumiwa kutaja mabadiliko ya seli za mlango wa kizazi ambayo bado si saratani. Dalili ni alama ya jambo lililopo. Mwanamke aambiwaye hivyo huelewa kwamba ugonjwa umekwisha kumwingia.

Mchanganyiko wa namna hii haukuanza kwetu. Mwaka 1943 George Papanicolaou, mzaliwa wa Ugiriki aliyefanya kazi New York, alichapisha pamoja na Herbert Traut kitabu juu ya kutambua saratani ya kizazi kwa kuchunguza seli za ukeni kwa darubini. Baadaye matokeo yaligawanywa katika madaraja 5. La kwanza lilikuwa la seli za kawaida, na la tano la saratani dhahiri. Daraja la pili ndilo lililoleta utata: seli si za kawaida, lakini hakuna ushahidi wa saratani. Humo waliingizwa wanawake wengi waliokuwa na maambukizi tu, kama yale ya trikomona, ambayo huzibadili seli kwa muda na hupona kwa dawa. Isitoshe, maabara mbalimbali zilizifasiri namba hizo kila moja kwa namna yake.

Mnamo 1983 na 1984, Harald zur Hausen wa Ujerumani na wenzake walitambua virusi vya papiloma vya aina ya 16 na 18 katika saratani hiyo. Virusi hivyo hutoweka vyenyewe kwa walio wengi. Hatari huwapo vinapodumu kwa miaka. Mwaka 1988 wataalamu walikutana Bethesda, Marekani, wakaziacha namba, wakayatenga maambukizi na mabadiliko, na mabadiliko wakayagawa kuwa ya daraja la chini na ya daraja la juu.

Hapana budi nasi tufuate mpango huo. Hata “mabadiliko tangulizi” lina kasoro, kwani ladokeza kwamba saratani lazima ifuate, ilhali mengi hurudi kuwa ya kawaida, na yaliyosalia hutibika. Basi tuseme “mabadiliko ya seli”, ya daraja la chini au la juu, na jina la saratani tuliweke akiba mpaka saratani yenyewe ionekane.