Jina Moja, Wadudu Wengi: Historia ya Kuainishwa kwa Mbung'o

Utangulizi

Jina la kisayansi la mbung'o ni Glossina, nalo limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya ulimi na pia lugha. Mtungaji wake hakukusudia kuzungumzia isimu. Alichokiona ni mrija wa kufyonzea damu uliochomoza mbele ya kichwa cha nzi. Hata hivyo jina hilo linatuhusu sisi tushughulikao na lugha, kwani historia ya kuainishwa kwa mdudu huyu ni historia ya majina: ni nani aliyeyatoa, aliyatoa kwa kuangalia nini, na kosa katika jina liliweza kugharimu nini.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mbung'o alipewa majina kwa njia mbili. Wafugaji na wawindaji wa Afrika walimtambua kwa atendalo na kwa mahali akaapo. Wataalamu wa makumbusho ya Ulaya walimtambua kwa umbo lake. Kila njia iliona jambo ambalo nyingine haikuliona, na maarifa yaliyookoa watu na mifugo yalipatikana pale zilipokutana. Mwishoni nitaeleza funzo la historia hiyo kwa watunzi wa kamusi za Kiswahili.

Nzi wa makumbusho na nzi wa porini

Utaratibu wa kuwapa wanyama majina ya kisayansi ulianzia katika toleo la 10 la Systema Naturae, kitabu cha Linnaeus wa Uswidi, lililotolewa mwaka 1758. Kila mnyama alipewa jina lenye sehemu mbili: ya kwanza ya jenasi, yaani kundi la jamaa wa karibu, na ya pili ikimpambanua na jamaa zake, yaani ya spishi. Kwa msemaji wa Kiswahili jambo hili si geni. Tunaposema embe dodo na embe boribo tunafanya vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba jina la kisayansi hufungwa kwa maelezo yaliyochapishwa na kwa kielelezo, yaani mdudu halisi aliyehifadhiwa ili atakayebisha baadaye aende akamtazame. Tena, majina mawili yakigombania mdudu mmoja, kwa kawaida lililotangulia kuchapishwa ndilo lenye haki.

Mwaka 1830 Wiedemann, daktari Mjerumani, alieleza nzi aliyetoka Sierra Leone akamwita Glossina longipalpis. Mwaka huohuo Robineau-Desvoidy, daktari Mfaransa, alieleza nzi mwingine kutoka Kongo akampa jina la spishi palpalis, lakini akamweka katika jenasi nyingine. Baadaye ilionekana kuwa wadudu hao wawili ni wa jenasi moja. Jambo la kuangaliwa hapa ni kuwa majina yote mawili yanataja vipapasio vilivyo karibu na mdomo. Nzi alikuwa ameingia katika vitabu vya sayansi kwa sura yake, bila ya sifa yake.

Wakati huo sifa yake ilikuwa ikijulikana sana kusini mwa Afrika. Kwa Watswana aliitwa tsetse, na wafugaji walifahamu ni mabonde gani ambayo ng'ombe hawakupaswa kupitishwa. Wawindaji na wasafiri wa Kiingereza walilichukua neno hilo baada ya kupoteza farasi na maksai wao. Wadudu waliopelekwa Uingereza kutoka huko walielezwa na Westwood mwaka 1850, naye akamwita mmoja wao Glossina morsitans, yaani aumaye. Ni dhahiri kwamba jina hili ni la namna nyingine. Halikutokana na umbo la mdudu bali na habari zilizofuatana naye kutoka porini. Mwaka 1857 Livingstone alimchora na kumweleza katika kitabu chake cha safari, akasema kuwa kuuma kwake huangamiza ng'ombe lakini hakumdhuru mwanadamu. Kwa aliyoyaona yeye hakukosea. Kosa lingekuja kama maneno hayo yangechukuliwa kuwa ni kweli kwa kila nzi aitwaye tsetse.

Nagana na malale

Mwaka 1895 David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, alianza kuchunguza ugonjwa wa ng'ombe huko Ubombo katika nchi ya Wazulu. Wenyewe waliuita nagana, na jina hilo limebaki katika vitabu vya tiba ya mifugo mpaka leo. Bruce aliona kijidudu katika damu ya wanyama wagonjwa, akathibitisha kwamba kilikuwa kikipelekwa na mbung'o. Mwaka 1899 kijidudu hicho kilipewa jina Trypanosoma brucei. Basi kijidudu kikachukua jina la Mwingereza, na ugonjwa ukabaki na jina la Kizulu.

Miaka michache baadaye balaa kubwa zaidi lilizuka kandokando ya Ziwa Viktoria. Inakadiriwa kuwa watu wasiopungua 200,000 walikufa kwa malale katika nchi ya Uganda mwanzoni mwa karne ya 20. Sababu haikujulikana. Castellani aliona vijidudu vya trypanosoma katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, na Bruce alipofika Entebbe mwaka 1903 swali likawa: ni nani anayevipeleka?

Namna swali hilo lilivyojibiwa ni ya kukumbukwa. Bruce hakuweza kutembea nchi nzima kukamata nzi. Aliomba msaada wa wamisionari na machifu, na Katikiro Apolo Kagwa wa Buganda akashiriki kuwahimiza watu wakusanye nzi waumao, kila mkusanyo ukionyesha mahali ulikotoka na kama malale yalikuwapo. Waganda walimjua mbung'o, wakimwita kivu. Ramani mbili zikachorwa, moja ya ugonjwa na moja ya nzi, nazo zikalingana: malale yalikuwa pale penye mbung'o, katika vichaka vya kando ya maji. Kwa hiyo ugunduzi huu, ambao vitabu vingi huuandika kwa jina la mtu mmoja, ulitegemea macho ya watu wengi waliokuwa tayari na neno la kumtenga nzi huyo na nzi wengine.

Hatimaye mwaka 1909 Kleine, akifanya kazi katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, alithibitisha kwamba kijidudu hukua ndani ya mwili wa mbung'o kabla ya kuambukiza. Tangu hapo kumtambua mbung'o barabara kulikuwa na maana kubwa kwa afya ya watu.

Jina linapokosea

Mbung'o wa Uganda aliitwa Glossina palpalis, kwa kudhaniwa kuwa ni yuleyule wa Kongo na Afrika Magharibi. Katika miaka iliyofuata kazi ya kuainisha ilipata nyenzo mpya. Austen wa Makumbusho ya Uingereza alitoa kitabu kizima juu ya mbung'o mwaka 1903. Naye Newstead wa Liverpool alionyesha kwamba spishi zilizofanana kwa macho zaweza kupambanuliwa kwa viungo vya uzazi vya dume, vitazamwapo kwa hadubini. Kwa njia hiyo mbung'o wakagawanywa katika makundi matatu: kundi la fusca, la palpalis na la morsitans.

Makundi hayo yalitengwa kwa viungo vidogo visivyoonekana na mchungaji yeyote, lakini yalilingana kwa kiasi kikubwa na mahali wadudu hao wakaapo. Wengi wa kundi la fusca ni wa misituni. Wa palpalis hukaa kando ya mito na maziwa. Wa morsitans hukaa katika mbuga na vichaka. Hadubini na mchungaji walikuwa wakisema jambo moja kwa lugha mbili.

Newstead ndiye aliyetoa pia jina fuscipes, mwaka 1910, lakini kwa miongo kadhaa wataalamu wengi waliendelea kumhesabu mbung'o huyo kuwa ni sehemu ya palpalis. Ni Machado, aliyefanya kazi Angola, ambaye mwaka 1954 alilichambua upya kundi zima na kulipa jina hilo nafasi yake. Kwa hiyo nzi wa malale ya Uganda, aliyeandikwa katika taarifa nyingi kama palpalis, leo huitwa Glossina fuscipes. Mdudu hakubadilika. Kilichobadilika ni ufahamu wa wale waliompa jina, na msomaji asiyejua hivyo aweza kudhani taarifa za zamani zinazungumzia nzi mwingine.

Baadhi ya majina ya mbung'o wa Afrika Mashariki yanaonyesha watungaji waliangalia nini. Brevipalpis ni mwenye vipapasio vifupi. Pallidipes, mwenye miguu iliyopauka. Longipennis, mwenye mabawa marefu. Austeni limetolewa kwa heshima ya Austen, na swynnertoni kwa heshima ya Swynnerton, aliyeongoza utafiti wa mbung'o Tanganyika hadi alipofariki katika ajali ya ndege mwaka 1938. Katika majina haya hamna hata moja lililotoka katika lugha ya Kiafrika.

Mpaka wa spishi

Je, mipaka hii ya spishi ni ya kweli, au ni mistari ya wataalamu tu? Jibu moja lilipatikana Tanganyika katika miaka ya 1940. Vanderplank alipeleka mbung'o wa spishi ya morsitans katika eneo la swynnertoni, wakapandana. Uzao wao ukawa tasa au wenye kasoro, na idadi ya mbung'o katika eneo hilo ikapungua sana. Mpaka uliochorwa kwa hadubini ulikuwa umechorwa kwanza na mbung'o wenyewe.

Ushahidi mkubwa zaidi ulitoka Unguja. Kisiwa hicho kilikuwa na spishi moja tu, Glossina austeni. Kati ya mwaka 1994 na 1997 madume waliofugwa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi waliachiwa kisiwani, wakapandana na majike wa porini bila ya kuzaa, na mwaka 1997 Unguja ikatangazwa kuwa haina mbung'o tena. Lau madume wale wangekuwa wa spishi nyingine, njia hiyo isingefuata kanuni yake wala kutegemewa kufaulu. Kazi iliyoanza kwa nzi waliokaushwa makumbushoni ilifikia zizi la mfugaji wa Unguja.

Funzo kwa watunzi wa kamusi

Leo jenasi ya Glossina huhesabiwa kuwa na spishi na vijispishi 31. Kiswahili kina mbung'o na ndorobo. Kina chafuo, ambalo hutumiwa na wengine kwa mbung'o na na wengine kwa nzi wengine wasumbuao mifugo. Na kina pange, nzi mkubwa aumaye wanyama. Ni rahisi kwa mtunzi wa kamusi kuyafasiri maneno haya kwa neno tsetse, au kwa maneno "aina ya nzi aumaye", na kuendelea. Kufanya hivyo ni kurudia kosa la kudhani kwamba jina moja ni mdudu mmoja.

Wala tusidhani kuwa lugha ya watu haigawi ila kwa uvivu. Kiswahili humwita mchwa yule alaye miti, na kumbikumbi yule arukaye baada ya mvua, ijapokuwa wawili hao waweza kutoka katika kichuguu kimoja na kuwa spishi moja. Huo ni ugawaji wa haki, kwa kuwa mmoja huharibu nyumba na mwingine huliwa. Sayansi nayo imewahi kugawa kilicho kimoja: mwaka 1921 Uvarov alionyesha kwamba nzige wawili waliodhaniwa kuwa spishi mbili walikuwa ni mmoja, akiishi peke yake au katika kundi.

Hivyo kamusi njema haitamlazimisha mbung'o wa msemaji awe sawasawa na Glossina ya mtaalamu. Itaeleza dalili zinazoonekana: kwamba mabawa yake hulaliana mgongoni kama makali ya mkasi aliyefungwa, kwamba dume na jike wote hufyonza damu, ilhali kwa pange ni jike tu, kwamba jike hatagi mayai, bali huzaa buu mmoja mmoja. Itataja pia ni wapi neno hutumika na kwa nzi yupi. Na ili ijue, mtafiti hana budi kwenda kwa wafugaji akiwa na nzi mwenyewe mkononi, kisha aulize: huyu mwamwitaje? Waganda waliulizwa swali la namna hiyo mwaka 1903, na jibu lao lilisaidia kufichua chanzo cha malale.