Kutoka fundi wa malungu hadi manamba wa mkonge

Tanuru la Kifipa halikuwa na mivukuto. Ukisimama mbele ya mojawapo ya yale yaliyosalia kwenye mashamba ya Nkansi na Sumbawanga, mkoani Rukwa, Tanzania, hilo ndilo la kwanza kukushangaza. Unaona mnara wa udongo mwekundu wenye kimo cha mita tatu hivi, mpana chini na mwembamba juu, umezungukwa mguuni na matundu mfano wa milango ya nyumba ndogo. Wenyewe huliita ilungu. Yakiwa mengi ni malungu. Sehemu nyingi za Afrika, kuyeyusha chuma kulitaka vijana wa kukaa na mivukuto saa baada ya saa, wakipokezana hadi mikono ife ganzi. Ufipa moto ulijivutia upepo wenyewe. Makaa yakishika, hewa ya moto hupanda kwenye mnara, na hewa ya baridi huingia chini kwa kishindo kupitia mirija ya udongo iliyopangwa kwenye yale matundu. Urefu wa ukuta ulifanya kazi ya mikono ya watu wengi.

Palikuwa na gharama, nayo ililipwa na msitu. Tanuru la namna hii hula makaa mengi kuliko lile la mivukuto, na miti ya miombo ndiyo iliyotoa makaa hayo. Kwa upande mwingine lilivumilia mtapo ambao si tajiri sana wa chuma. Kwa hiyo aliyelibuni au kulikamilisha alikwishapiga hesabu yake: nina miti, nina udongo wa kichuguu, nina mtapo wa wastani, nina watu wachache. Ukinisikia nikimwita fundi, namaanisha hesabu hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

Wala kazi haikwisha pale. Kilichotoka kwenye ilungu kilikuwa bonge la chuma lililochanganyika na mavi yake. Lilipelekwa kwenye tanuru la pili, dogo, liitwalo kintengwe. Hapo ndipo mivukuto ilipotumika, na chuma kikasafishwa. Baadaye mhunzi alikipokea na kukifua kikawa jembe, shoka au mkuki. Yalikuwa matanuru mawili na hatua tatu, na kila hatua ilikuwa na wajuzi wake. Msimu ulikuwa kiangazi, baada ya mavuno, wakati kuni zimekauka na mikono imepata nafasi. Fundi mkuu alikuja na intangala, kikapu cha dawa alichorithishwa pamoja na ujuzi wenyewe. Tanuru jipya lilitendewa kama bibi harusi, na wanaume waliokuwa kazini walijitenga na wake zao hadi chuma kitoke. Wageni wengi walioandika habari hizi waliishia kuona ushirikina tu. Mimi naona pia kanuni za kazi. Asiye na kikapu hakujenga tanuru, na aliyekuwa nacho alikwishakaa miaka mingi chini ya mkono wa aliyemtangulia.

Ujuzi katika nchi hii ulikuwa pia habari ya mwenyeji na mgeni, na habari hiyo inaonekana hata kwenye masimulizi ya utawala. Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyeishi na Wafipa na kuandika juu yao kwa miaka mingi, alikusanya simulizi ya Milansi, kijiji kinachohesabiwa kuwa chimbuko la Ufipa, na mtawala wake Ntatakwa. Kisha wakaja wageni wanawake, Watwa, wakauchukua utawala. Uzao wao ndio uliotawala dola mbili za Nkansi na Lyangalile, huku mtawala wa Milansi akibakia na heshima ya wenyeji wa kale. Kwa maneno mengine, Wafipa wenyewe walipoulizwa wametokea wapi, walianza kwa kusimulia juu ya mwenyeji na mgeni.

Uwanda wa Ufipa umeinuka katikati ya maziwa mawili. Magharibi ni Tanganyika, lenye uso ulio mita 773 juu ya bahari, na mashariki, chini ya ukingo mkali, ni bonde la Ziwa Rukwa. Juu kuna baridi, nyasi na ulezi. Chini kuna joto, samaki, chumvi na pamba. Nchi iliyokaa hivyo haiwezi kujifungia. Chumvi ilitoka Ivuna, kusini mwa Ziwa Rukwa, mahali ambapo wanaakiolojia wamekuta watu wakichemsha chumvi tangu karne ya 13 hivi. Nyingine ilitoka Uvinza kaskazini. Pamba ya bondeni ilifumwa kuwa nguo nzito, na wazungu waliopita katika karne ya 19 waliwaona wafumaji kazini. Joseph Thomson, Mskochi aliyepita mwaka 1880, aliwaeleza Wafipa kuwa watu wa jembe hasa, wakulima kupita makabila mengi aliyoyakuta njiani.

Jembe hilo ndilo lililozunguka. Kilimo cha Ufipa ni cha matuta ya duara, ntumba, ambayo nyasi hufukiwa ndani yake zioze na kuwa mbolea. Kupindua ardhi namna hiyo kunahitaji chuma kizuri, na mahitaji ya nyumbani yaliwafanya mafundi wawe wengi na hodari kiasi cha kubakiza cha kuuza. Wapimbwe kaskazini, watu wa bonde la Rukwa, Wanyiha na Wanamwanga kusini mashariki, Wamambwe na Walungu kusini, wote walikuwa majirani wa soko hilo. Jembe lilitolewa mahari, likanunua mbuzi, likabadilishwa kwa chumvi na nguo.

Lakini hapa nataka twende polepole. Tumezoea kusimulia biashara ya zamani kama safari ya vitu: pembe zilikwenda, shanga zikaja. Profesa Bertram Mapunda, mwanaakiolojia aliyechimba na kupima mabaki ya matanuru ya Nkansi kwa ajili ya tasnifu yake ya mwaka 1995, alitambua katika eneo hilo moja namna tatu za kuyeyusha chuma. Kuna ya kale iliyopewa jina la katukutu, kuna malungu yenyewe, na kuna ya Warongo. Hao Warongo walikuwa wayeyushaji wa upande wa kusini mwa Ziwa Viktoria, kundi la mafundi wa makabila mbalimbali waliounganishwa na kazi. Tanuru halibebwi kichwani kama jembe. Ukikuta tanuru la Warongo Nkansi, jua kwamba mtu alikuja na elimu yake, akaomba mahali, akapewa. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Hali ni hiyo hiyo ukitazama kusini. Matanuru marefu yasiyo na mivukuto, yakifuatiwa na tanuru dogo la kusafishia, yalijulikana kwa Wamambwe na Walungu, na yanayofanana nayo yako hadi milima ya kaskazini mwa Malawi. Siwezi kuamini kwamba kila kijiji kilibuni chake. Ujuzi ulioa na kuolewa, ulikimbia njaa, ulifuata mtapo na msitu. Ufipa ilikuwa kiini kimoja cha mtandao huo, ikitoa mafundi na kupokea mafundi.

Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wao, na mstari ukapita kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Walungu, Wamambwe na Wanamwanga walijikuta wana serikali mbili. Wajerumani wakajenga boma Kasanga, wakaliita Bismarckburg. Mwaka 1898 ikaanza kutozwa kodi ya nyumba: rupia tatu kwa mwaka. Jembe lililotosha kuoa halikutosha kulipia kibanda, maana boma lilitaka fedha yake lenyewe. Madukani majembe ya kiwandani na nguo za amerikani yakawa rahisi kuliko ya fundi aliyetumia miezi ya kiangazi kuchoma makaa. Mfumaji na mhunzi walishindwa katika kizazi kimoja. Mwaka 1937 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha makala juu ya uyeyushaji chuma wa Ufipa. Mwaka 1958 jarida hilo hilo lilirudia somo, na kufikia hapo ufundi ulikwishakuwa kumbukumbu ya wazee.

Watoto wa mafundi hao walikwenda wapi? Walifuata fedha ya kodi. Dhahabu ilipogunduliwa Lupa, Chunya, mwaka 1922, machimbo yalikuwa ng'ambo tu ya Ziwa Rukwa. Kusini, migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini ilianza kutoa shaba kwa wingi mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mbali zaidi, upande wa pili wa nchi, kulikuwa na mkonge wa Tanga, zao lililoletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 na kugeuka injini ya uchumi wa koloni. Meli iliyozamishwa na Wajerumani katika Ziwa Tanganyika mwaka 1916 iliibuliwa, ikarudi majini mwaka 1927 kwa jina la Liemba, ikaunganisha Kasanga na reli ya Kigoma iliyokuwepo tangu 1914. Kutoka hapo treni iliteremka hadi pwani. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, na mikoa ya pembezoni mwa nchi ikawa ghala la nguvu kazi.

Kwenye mkonge mtu alipewa namba na kipande. Namba ilimtambulisha, kipande kilihesabu siku zake. Ndipo likazaliwa neno manamba, ambalo Kiswahili hakijalisahau. Mwanahistoria Kapepwa Tambila, aliyeiandikia tasnifu historia ya Rukwa ya miaka ya 1870 hadi 1940, alishirikiana na Walter Rodney na Laurent Sago katika kitabu cha mwaka 1983 juu ya wafanyakazi wahamiaji wa Tanganyika ya kikoloni, na sehemu yake humo inaeleza jinsi Tanga ilivyowavuta vibarua kama sumaku. Ninaposoma historia hiyo, kinachoniuma kupita umbali na ujira ni daftari la mwajiri. Mwanamume ambaye baba yake alijua kupima moto kwa macho na kuutambua mtapo kwa uzito wake kiganjani aliandikwa humo kuwa kibarua asiye na ujuzi. Babu alivuka mpaka wa kabila akaitwa fundi. Mjukuu alivuka nchi nzima akaitwa kwa namba.

Sitaki kusema ujuzi ulitoka tu bila kuingia. Kwenye ufuko wa Tanganyika, Karema, Mapadre Weupe waliingia mwaka 1885, na kutoka misheni zao za ziwani na uwandani watu wa Ufipa walijifunza useremala, uashi wa matofali na kusoma. Huko Karema aliishi mtu ambaye kila mtoto wa Rukwa na Katavi angestahili kufundishwa jina lake. Adrien Atiman alizaliwa ilipo Mali ya leo, akatekwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na wamisionari na kusomeshwa utabibu Malta. Alifika Karema mwaka 1889, akatibu watu wa ziwa hilo hadi alipofariki mwaka 1956. Miaka 67 ya utabibu, kutoka kwa Mwafrika aliyeletwa na misukosuko ya bara zima! Wakati vijana wa Ufipa wanaondoka kwenda kukata mkonge, yeye alibaki akiwatibu wazee wao.

Baada ya uhuru mkondo umegeuka mara nyingi, nami sitaufuata wote. Wafugaji wa Kisukuma waliteremka bonde la Rukwa na ng'ombe wao kwa wingi. Plau ya maksai imechukua sehemu kubwa ya kazi ya lile jembe. Mkoa wa Rukwa ulioanzishwa miaka ya 1970 umekuwa miongoni mwa ghala za mahindi za taifa. Lami ya Tunduma imefika Sumbawanga, na mahindi, samaki na saruji hupita kwenda Zambia na Kongo kupitia Kasesya, Tunduma na bandari ya Kasanga. Mafundi wa magari, wachomeleaji na waashi huvuka kila siku pande zote mbili, na Kiswahili kinavuka nao. Ni majirani wale wale wa soko la majembe.

Malungu yenyewe yanakwisha. Ni udongo tu. Mvua huyala, mizizi huyapasua, na mkulima anayetaka kunyoosha tuta halazimiki kujua amevunja nini. Yaliyo kwenye mashamba yanahitaji kuorodheshwa, kuzungushiwa uzio na kuezekwa, na wenye mashamba walipwe kwa kuyatunza. Halmashauri za Rukwa zina wanafunzi wa sekondari wanaoweza kuifanya kazi ya orodha katika likizo moja, wakiwa na simu zao tu.

Nawe msomaji wa Ufipa, uwe Matai, Laela, Namanyere au umehamia Tanga zamani, una sehemu yako. Nenda kwa mzee wa ukoo wenu ukamuulize mambo mawili: nani alikuwa na intangala, na nani alikwenda kwenye mkonge na namba ipi. Andika majina yote mawili kwenye ukurasa mmoja, uuhifadhi.