Kabidhi ombi: maana, matumizi na tahadhari

kabidhi ombi *kt.* (TEHAMA) Kupokea ombi la wavuti kwenye seva, kulisoma, na kulitia mikononi mwa skripti inayopaswa kulijibu. *Nomino:* ukabidhi wa ombi. *Hutumika pia:* elekeza ombi. *Taz. pia:* elekeza upya, ombi, pakia, skripti.

Maelezo

Mtu anapobofya kiungo, kivinjari chake hutuma ombi kwa seva. Ombi hilo ni maandishi mafupi: neno la amri kama vile GET au POST, njia ya kitu kinachotakiwa, jina la tovuti, na maelezo mengine machache. Seva hulisoma na kuamua la kufanya. Ikiwa kinachotakiwa ni picha iliyokwisha kuhifadhiwa, huitoa kama ilivyo. Ikiwa jibu halijaandikwa bado na linapaswa kutungwa wakati huo huo, seva hulikabidhi ombi kwa skripti, nayo skripti hutunga ukurasa na kuurudisha.

Utaratibu huu umepitia hatua tatu. Kwanza ilikuwapo CGI, iliyobuniwa mwaka 1993 katika kituo cha NCSA, Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Chini ya CGI, kila ombi huanzisha programu mpya, ambayo hufa baada ya kujibu. Njia hiyo ni rahisi kueleweka, lakini huilemea seva wageni wanapokuwa wengi. Hatua ya pili ilikuwa kumweka mfasiri wa lugha ya programu ndani ya seva yenyewe, ili skripti ipakiwe kwenye kumbukumbu inapohitajika bila kuanzisha programu upya. PHP, iliyotolewa kwa umma na Rasmus Lerdorf mwaka 1995, ilienea sana kwa namna hii. Katika hatua zote mbili, kwa kawaida anwani ililingana na faili: aliyeomba habari.php alijibiwa na faili la jina hilo. Hatua ya tatu ni ya mlango mmoja: maombi yote huingia kwa skripti moja, na hiyo ndiyo inayoamua ni sehemu gani ya programu ipakiwe ili kujibu.

Mfano: ukurasa wa Kinyangiri

Kinyangiri ni kata ya Wilaya ya Mkalama, Mkoa wa Singida. Msomaji anayetafuta habari zake katika Wikipedia ya Kiswahili hutuma ombi lenye njia /wiki/Kinyangiri. Kwenye seva hakuna faili liitwalo Kinyangiri. Ombi hufika kwenye skripti index.php ya programu ya MediaWiki, na neno «Kinyangiri» huchukuliwa kuwa kichwa cha makala. Programu huyatafuta maandishi ya makala hayo katika hifadhidata, huyapanga, kisha huyarudisha yakiwa ukurasa kamili.

Msomaji huyo akitaka kuhariri, ombi huongezewa kigezo action=edit; akitaka historia ya makala, action=history. Kila jina la tendo limeandikwa katika orodha, na mbele yake imetajwa sehemu ya programu inayolishughulikia. Sehemu hiyo hupakiwa tu inapohitajika. Mtu akibuni tendo lisilomo katika orodha, programu haiendi kulitafutia faili. Humjibu kwamba tendo hilo halijulikani. Vivyo hivyo, makala ambayo haijaandikwa hurudishwa na namba 404: seva ipo na imelipokea ombi, ila kilichoombwa hakipo.

Msomaji wa Kiswahili anaufahamu utaratibu wa namna hii kutokana na barua za kiofisi. Mwanakijiji wa Kinyangiri anayemwandikia Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya huandika K.K., yaani «kupitia kwa», kisha huwataja watendaji anaopitia kwao. Chini yake huandika Yah:, yaani «yahusu», na kulitaja jambo lake. Barua ikifika masjala, karani huisoma, huitafutia jalada, na huikabidhi kwa afisa husika. Mwandishi hulitaja jambo; haingii masjala kujichagulia jalada. Ukabidhi wa ombi ulio salama hufuata kanuni hiyo hiyo.

Kabidhi, elekeza na elekeza upya

Vitabu na tafsiri nyingi hutumia *elekeza* kwa dhana hii. Si kosa, lakini kitenzi hicho kimekwisha kubeba dhana ya pili, *elekeza upya*, na mara nyingi neno «upya» huachwa. Dhana hizo mbili hutofautiana hivi:

1. *Kukabidhi* hufanyika ndani ya seva. Kivinjari hakijui ni skripti ipi iliyojibu, na anwani iliyo mbele ya msomaji haibadiliki.
2. *Kuelekeza upya* huhusisha kivinjari. Seva hurudisha jibu lenye namba kama 301 au 302 pamoja na anwani mpya, na kivinjari hulazimika kutuma ombi la pili. Anwani iliyo mbele ya msomaji hubadilika.

Sentensi «Seva imeelekeza ombi kwenye ukurasa wa kuingia» inaweza kufasiriwa kwa namna zote mbili. Mwanafunzi anayetafuta hitilafu hatajua kama ahesabu ombi moja au mawili. Kwa hiyo inafaa kutumia *kabidhi* kwa dhana ya kwanza na *elekeza upya* kwa ya pili, bila kulidondosha neno «upya».

Kitenzi *tuma* hakifai hapa. Kutuma ni kazi ya kivinjari. Kukabidhi ni kazi ya seva.

Pakia, pakua na pandisha

Katika lugha ya kawaida, *pakia* ni kuweka mzigo katika chombo, na *pakua* ni kuutoa. Chakula nacho hupakuliwa kutoka chunguni. TEHAMA imeyachukua maneno yote mawili. *Pakua* halina utata: ni kulichukua faili kutoka kwenye seva na kulileta kwenye kifaa cha mtumiaji. *Pakia* ndilo lenye utata, kwa kuwa hutumika kwa mambo mawili:

1. mtumiaji kulihamisha faili lake, kama vile picha, kutoka kwenye kifaa chake hadi kwenye seva;
2. seva kuichukua skripti kutoka kwenye diski na kuiweka kwenye kumbukumbu ili itekelezwe.

Utata huu unaweza kuleta madhara. Chukua onyo hili, ambalo mfasiri yeyote wa mwongozo wa seva atakutana na mfano wake: «Usiruhusu mafaili yaliyopakiwa yatekelezwe.» Kwa maana ya kwanza, onyo ni sahihi na la lazima: faili lililoletwa na mgeni lisipewe kamwe nafasi ya kutekelezwa kama skripti, kwani huenda limeandikwa ili kuiteka seva. Kwa maana ya pili, onyo halina maana, kwa sababu skripti hupakiwa kwenye kumbukumbu ili itekelezwe. Msomaji akiliona halimhusu, ataliruka, na mlango utabaki wazi.

Tafsiri iliyo wazi ni: «Usiruhusu mafaili yaliyopandishwa na watumiaji yatekelezwe.» Inashauriwa kutumia *pandisha* kwa maana ya kwanza katika maandishi ya kitaalamu, na *pakia kwenye kumbukumbu* kwa ya pili. Pale ambapo *pakia* limezoeleka kwenye vitufe vya tovuti, mtendaji atajwe: «lililopakiwa na mtumiaji», «iliyopakiwa na seva».

Skripti zinazoingizwa kwenye kumbukumbu wakati programu ikiendelea kufanya kazi ziitwe *skripti zinazopakiwa zinapohitajika*. Kivumishi *badilifu* hakifai, kwa sababu kinachobadilika ni wakati wa kupakiwa, si skripti.

Nani huchagua faili?

Utungaji wa sentensi unaweza kuficha kosa la usalama. Linganisha:

(a) Seva hupakia faili ambalo mtumiaji amelitaja.
(b) Seva huchagua skripti kutoka katika orodha yake, kwa kulifuata jina ambalo mtumiaji amelitaja.

Sentensi (a) ni fupi na inavutia, lakini inaeleza programu yenye hatari. Ikiwa kigezo ukurasa=habari huunganishwa moja kwa moja na jina la faili, mshambuliaji ataandika alama za ../ mara kadhaa ili apande hadi saraka za juu na kuyafikia mafaili ya siri. Ikiwa mipangilio ya PHP inaruhusu, anaweza hata kutaja anwani ya seva yake na kuifanya seva ya wengine itekeleze skripti aliyoiandika yeye. Mpangilio unaozuia jambo hilo, allow_url_include, uliletwa na PHP 5.2 mwaka 2006, nao huwa umefungwa tangu mwanzo. Hata hivyo hauzuii njia ya kwanza. Dawa ya zote mbili ni orodha inayosemwa katika (b): jina lililomo hupata skripti yake, na lisilomo hupata 404.

Mwalimu anayefundisha kwa sentensi (a) humfundisha mwanafunzi kuandika kosa hilo.

Sarufi na nomino zinazohusika

- *ombi* (LI-YA): ombi limepokewa, maombi yamepokewa. Wingi wake hutumika pia kwa dua na kwa nafasi za kazi. Mahali penye utata andika «maombi ya wavuti».
- *faili* (LI-YA): faili limepakiwa, mafaili yamepakiwa. Wasemaji wengi husema pia «faili imepakiwa» (I-ZI). Lililo muhimu ni kushika ngeli moja katika andiko zima.
- *seva*, *skripti* (I-ZI): seva imejibu, skripti zimetekelezwa.
- *hati* haifai kwa maana ya skripti. Hati ni andiko la kusomwa au kuthibitisha jambo, kama hati ya kiwanja, skripti hutekelezwa.

Sentensi za mfano

- Seva ililikabidhi ombi kwa skripti ya usajili, lakini skripti haikurudisha jibu.
- Maombi yote hupitia index.php kabla ya kukabidhiwa kwa sehemu husika.
- Anwani ya zamani imefungwa. Wasomaji huelekezwa upya kwenye anwani mpya.
- Picha iliyopandishwa na mtumiaji huhifadhiwa katika saraka ambamo skripti hazitekelezwi.