Kodi ya Kichwa, Kodi ya Nyumba: Njia za Kulipa katika Nchi ya Fataki

Historia ya kodi katika Afrika ya Mashariki na Kati imezoea kuandikwa kwa kuhesabu viwango. Hata hivyo, katika nchi ya Fataki, kwenye nyanda za juu za Djugu huko Ituri, swali lililowagusa watu zaidi lilikuwa jingine: kodi ilipwe kwa kitu gani, na ni nani mwenye uwezo wa kukiteua kitu hicho.

Chini ya Dola Huru ya Kongo, milki ya Mfalme Leopold wa Pili, kilichotakiwa kilikuwa nguvu za mwili. Amri ya Novemba 1903 ilimdai mwananchi kazi ya saa 40 kila mwezi, au mazao yaliyokadiriwa kuwa na thamani hiyo. Katika maandishi saa 40 si nyingi. Lakini mpira na chakula vilipokelewa kwa uzito, wala si kwa saa, na aliyeshika mizani ndiye huyohuyo aliyedai.

Upande wa mashariki mambo yalikwenda kwa namna tofauti. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, rupia 3 kwa kibanda cha shamba, na mwanzoni waliruhusu kulipwa kwa mazao au kazi. Katika Buganda, mkataba wa 1900 uliweka pia rupia 3 kwa kila nyumba. Watu walitafuta nafuu upesi: jamaa wengi wakahamia chini ya paa moja. Hila hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu zilizowafanya watawala wa Uganda na Kenya waongeze kodi ya kichwa.

Fataki haikupata hata nafasi ya hila hiyo. Ubelgiji ilipoitwaa Kongo mwaka 1908, kodi ya fedha iliingizwa kwa hatua kati ya 1910 na 1912, na amri ya 1914 ikaikaza: kila mwanamume mzima alilipa kwa kichwa chake, na mwenye wake wengi aliongezewa. Nyumba haikuhesabiwa, kwa hiyo kubanana ndani yake hakukumpunguzia mtu chochote.

Sarafu je, ingetoka wapi? Dhahabu ya Kilo, katika eneo hilohilo la Djugu, ilikuwa ikichimbwa tangu 1905. Machimbo yalihitaji mikono, wapagazi na chakula cha kuwalisha wachimbaji. Mkulima asiye na sarafu alikuwa na njia chache: kwenda mgodini, kubeba mizigo, au kuuza maharagwe yake kwa bei asiyoipanga. Mwenye ng'ombe aliweza angalau kuuza mnyama akabaki nyumbani. Tofauti hii yastahili kukumbukwa kila Walendu na Wahema wanapoelezwa kana kwamba wametengana kwa asili tu, hali Wahema wengi wa Djugu husema Kilendu. Chifu naye, aliyetambuliwa rasmi na amri ya 1910, alikusanya kodi na kutafuta vibarua pia. Mbele ya raia kazi hizo mbili zilikuwa na uso mmoja.

Kodi inayofuata jengo ilikuja kuwekewa msingi mpya baada ya uhuru. Sheria ya Februari 1969 ilitoza majengo na viwanja, na ile ya Julai 1973 ikatangaza kuwa ardhi yote ni mali ya Dola. Raia akabakiwa na haki ya kuitumia na jengo alilolisimamisha juu yake. Katiba ya 2006 iliiweka kodi hiyo mikononi mwa majimbo, na Ituri ikawa jimbo mwaka 2015, makao yake yakiwa Bunia.

Kwa Fataki mageuzi hayo yalikuta nchi iliyokwisha kuumizwa na vita vya 1999 hadi 2003, na machafuko yaliyozuka tena Djugu mwishoni mwa 2017 yakawakimbiza maelfu. Makundi yenye silaha yalitoza wachimbaji dhahabu na wapitao kwenye vizuizi vya barabarani. Malipo hayo hayakuangalia paa wala kiwanja: yalidaiwa tena kwa kichwa, kama mwaka 1914, na mtu aliyekwisha kuiacha nyumba yake ikiteketea aliyatoa ili aruhusiwe kupita.