Totoro: Filamu ya vibonzo iliyobeba hofu ya mtoto na siri ya msitu

'TONARI no Totoro', yaani 'Jirani Yangu Totoro', ni filamu ya vibonzo iliyotolewa nchini Japani mnamo Aprili 16, 1988. Ilitungwa na kuelekezwa na Hayao Miyazaki wa Studio Ghibli, kampuni iliyoasisiwa mwaka wa 1985. Huchukua dakika 86, na muziki wake ni wa Joe Hisaishi.

Kisa chenyewe kimewekwa katika miaka ya hamsini. Satsuki na mdogo wake Mei, mwenye umri wa miaka minne, wanahamia mashambani pamoja na baba yao, mhadhiri wa chuo kikuu, ili wawe karibu na hospitali alikolazwa mama yao. Kando ya nyumba yao kuukuu pana mti mkubwa wa kafuri. Humo ndimo Mei anamomkuta Totoro, kiumbe mnene mwenye manyoya, akiwa usingizini. Watu wazima hawamwoni. Hata hivyo, baba hawacheki wanawe; anawapeleka mtini wakausalimu na kuushukuru msitu.

Tofauti na hadithi nyingi za watoto, hii haina adui wala vita. Kinachotisha humu ni ugonjwa. Simu ya maandishi inapowasili kutoka hospitalini, na ziara ya mama nyumbani kuahirishwa, Satsuki anaingiwa na hofu kwamba huenda mama akafariki. Mei naye anashika njia peke yake, amekumbatia hindi bichi analoamini litamponya mama, na kupotea. Ni hapo ambapo Satsuki anamwendea Totoro kuomba msaada.

Hofu hiyo haikubuniwa tu. Mamake Miyazaki aliugua kifua kikuu cha uti wa mgongo kwa miaka mingi, mwanawe akiwa angali mdogo.

Mwanzoni, filamu hii ilionyeshwa pamoja na 'Hotaru no Haka' ya Isao Takahata, inayohusu mayatima wawili wakati wa vita. Haikuvuta umati mkubwa katika kumbi za sinema, lakini ilitunukiwa tuzo ya filamu bora ya mwaka ya jarida la Kinema Junpo. Baadaye, televisheni na vikaragosi vya Totoro viliieneza, na sura yake ikawa nembo ya Studio Ghibli.

Aidha, athari zake zilivuka mipaka ya sanaa. Mandhari yake yalichotwa kutoka vilima vya Sayama, karibu na jiji la Tokyo, ambako ujenzi wa makazi ulikuwa ukimeza misitu. Mwaka wa 1990, wananchi walianzisha hazina iliyopewa jina la Totoro, wakachanga fedha na kununua vipande vya msitu ili visikatwe.

Mnamo 2022, kundi la Royal Shakespeare Company liliigeuza kuwa mchezo wa jukwaani jijini London. Hivyo basi, kiumbe asiyeonekana na watu wazima ndiye aliyewafanya watu wazima wauone msitu.